Protini Yako Ikunjwe Wapi? E. coli, Hamira, Seli za Kiwavi na Seli za Mamalia

Karibu kila mwanafunzi anayeniletea jeni mpya huanza na swali hilohilo: "Mwalimu, tuizalishe kwenye nini ili tupate nyingi?" Nami humrudishia langu: protini yako ina sisteini (asidi amino zenye salfa) ngapi, na kwao inaishi wapi, ndani ya seli au nje? Wengi huwa bado hawajaangalia. Wiki tatu baadaye tunasimama mbele ya sentrifuji tukitazama kitu cheupe kilichotuama chini ya mrija kama chokaa. Protini ipo, tena tele. Haiyeyuki, haifanyi kazi, na pesa za vitendanishi zimekwisha.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu aliye na jeni mkononi na hajaamua aiweke kwenye seli gani. Nitalinganisha njia nne ambazo maabara nyingi hutumia, na kipimo changu kikuu hakitakuwa wingi. Kila seli ina namna yake ya kukunja protini, namna yake ya kukagua kama imekunjika, na namna yake ya kutupa iliyoharibika. Ukichagua seli, umechagua na hayo yote. Wingi huja baadaye, tena mara nyingi huja wenyewe.

Kukunja kanga ndani ya daladala

Protini hutoka kwenye ribosomu ikiwa uzi mrefu wa asidi amino, na haina kazi mpaka uzi huo ujikunje kwa umbo lake. Christian Anfinsen alionyesha kwa kimeng'enya cha kongosho la ng'ombe, ribonyukliazi A yenye asidi amino 124, kwamba umbo limeandikwa ndani ya uzi wenyewe. Aliufungua wote kwa yurea na kemikali ya kukata vifungo vya salfa, vile vinavyounganisha sisteini mbili. Alipoziondoa kemikali hizo, uzi ulijikunja tena na kazi ikarudi. Sisteini zake nane zinaweza kuungana mbilimbili kwa njia 105, nazo ziliishia kwenye njia moja tu, ile sahihi. Kazi hiyo ilimpatia Nobel ya Kemia mwaka 1972.

Ila Anfinsen alikuwa na maji mengi na protini kidogo. Ndani ya bakteria E. coli, kila mililita ya saitoplazimu, yaani majimaji ya ndani ya seli, imebeba miligramu 300 hadi 400 za molekuli kubwa. Jaribu kukunja kanga vizuri, pindo kwa pindo, ndani ya daladala iliyojaa abiria wa jioni: hujamaliza upande mmoja, upande wa pili umeshanaswa na begi la jirani. Sehemu za protini zinazochukia maji zinatakiwa kuishia katikati ya umbo. Zikibaki wazi hata kwa muda mfupi hushikana na za jirani, na bonge limeanza.

Ndiyo maana seli ina chaperoni, protini zinazosaidia nyingine kukunjika. Darasani mimi huziita makungwi, na sioni neno linalozifaa zaidi. Kungwi hambadilishi mwali kuwa mtu mwingine. Humtenga na watu na kumlinda mpaka awe tayari kutoka. Chaperoni iitwayo GroEL inafanya hivyo karibu neno kwa neno: ni pete mbili za protini saba saba zilizopandana, katikati pana chumba, na juu yake hukaa kifuniko cha GroES. Protini changa huingia, mlango hufungwa, nayo hupata sekunde kama 10 za kujikunja peke yake bila kuguswa na jirani. Kisha nguvu ya ATP, nishati ya seli, hufungua mlango. Iliyokamilika huenda zake, ambayo bado hurudishwa ndani. Chumba hicho kina kikomo: protini inayozidi uzito wa kilodaltoni 60 hivi haienei. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Zikisimama bega kwa bega

| | E. coli | Hamira | Seli za kiwavi (Sf9) | Seli za mamalia |
|---|---|---|---|---|
| Muda wa kuongezeka maradufu | dakika 20 | dakika 90 | siku moja au zaidi kidogo | siku moja hivi |
| Joto la kawaida | 37°C, kisha hushushwa | 30°C | 27°C | 37°C |
| Vifungo vya salfa | nje ya saitoplazimu tu, au kwa aina maalumu | ndiyo | ndiyo | ndiyo, hata vingi na vya kutatanisha |
| Sukari juu ya protini | hakuna | manosi nyingi | fupi, zilizopunguzwa | zinazokaribia za binadamu |
| Kabonidayoksaidi kwenye inkubeta | haihitajiki | haihitajiki | haihitajiki | inahitajika |
| Toka jeni hadi protini ya kwanza | siku chache | wiki chache | mwezi hivi | wiki chache kwa njia ya muda. Miezi kwa seli za kudumu |

Jedwali hili linasaidia kupanga bajeti. Halitoshi kukuamulia, kwa sababu safu zake zote zina masharti.

E. coli: haraka, rahisi, na hakimu aliyepunguzwa

Kwa protini ndogo isiyo na sukari na yenye vifungo vichache vya salfa, anza hapa bila kusita. Plazimidi, yaani kipande cha duara cha DNA kinachobeba jeni yako, ni rahisi, chakula ni chumvi na unga wa tryptone na wa hamira, na kosa la leo unalisahihisha kesho kutwa. Aina inayotumika zaidi, BL21(DE3), ilielezwa na Studier na Moffatt mwaka 1986. Imewekewa polimerasi ya kirusi T7 inayonakili jeni yako kwa kasi kubwa mara tu unapotia IPTG, kemikali ya kuiwasha.

Jambo ambalo vitabu vya maelekezo huligusa kwa mstari mmoja ni hili: BL21 haina protiazi (vimeng'enya vinavyokata protini) mbili, Lon na OmpT. Lon ni mmoja wa wasafishaji wakuu wa E. coli. Kazi yake katika maisha ya kawaida ni kukatakata protini zilizokosea kukunjika kabla hazijaleta madhara. Ukoo wa BL21 unamkosa kwa asili, nasi tunauchagua kwa makusudi ili protini yetu isiliwe. Matokeo yake ni kwamba mbovu nazo zinabaki. Kwa hiyo wingi unaouona kwenye jeli ya BL21 (jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa) hauna hukumu ya seli ndani yake, na hukumu hiyo lazima uitoe wewe.

Kuna pia suala la kasi. Ribosomu ya E. coli huunganisha asidi amino 15 hadi 20 kwa sekunde, wakati ya seli zenye kiini huunganisha kama tano. Protini ya binadamu yenye vipande viwili au vitatu imezoea kipande cha kwanza kikunjike wakati cha pili bado kinatoka. Kwenye E. coli vyote hutoka kwa mkupuo. Dawa ya kwanza, na ya bei nafuu kuliko zote, ni baridi: shusha joto hadi 16 au 18°C kabla ya kutia IPTG, punguza IPTG yenyewe, acha usiku kucha. Niliwahi kuhangaika na kimeng'enya kimoja ambacho kwa 37°C kilikuwa chokaa tupu. Kwa 18°C, kwa plazimidi ileile, zaidi ya nusu ilibaki kwenye maji. Tangu siku hiyo simruhusu mwanafunzi kubadilisha seli kabla hajajaribu baridi.

Hatua ya pili ni kuongeza makungwi: kuna plazimidi zinazobeba GroEL na GroES, au chaperoni nyingine, DnaK, na wenzake. Zinasaidia baadhi ya protini, na nyingine hazisaidii hata kidogo. Protini yako ikizidi kile kikomo cha kilodaltoni 60, usiweke matumaini makubwa kwa GroEL. Tena angalia jeli kwa makini baada ya kusafisha. Ukiona mstari wa ziada karibu na kilodaltoni 57 au 70, unaokataa kuondoka kila ukisafisha, huenda huyo ni GroEL au DnaK bado ameishikilia protini yako. Protini imeyeyuka, lakini mwali hajatoka ndani. Nimeona matokeo ya namna hiyo yakitangazwa kwa furaha kuwa yamefanikiwa, na inauma kumwambia mtu ukweli baada ya miezi miwili ya kazi.

Vifungo vya salfa ndivyo vinavyowaangusha wengi. Saitoplazimu ya E. coli ina kemia inayovikata. Bakteria wenyewe huvifunga katika nafasi iliyo kati ya tando zao mbili, ambako kimeng'enya DsbA huvifunga na DsbC hurekebisha vilivyofungwa vibaya. Unaweza kuituma protini yako huko kwa kuiwekea anwani mbele yake, ingawa nafasi ni ndogo na mavuno hushuka. Unaweza pia kutumia aina kama SHuffle, ambayo saitoplazimu yake imebadilishwa ili isivikate vifungo na imewekewa DsbC humohumo. Kwa kifungo kimoja au viwili njia hizi zinafaa sana. Vipande vya kingamwili ya ngamia, vyenye kilodaltoni 15 tu, hukunjika vizuri huko, na dawa ya caplacizumab, ambayo ni vipande viwili vya aina hiyo vilivyounganishwa, hutengenezwa ndani ya E. coli. Vivyo hivyo ranibizumab ya macho, ambayo ni sehemu tu ya kingamwili.

Na bonge si lazima liwe mwisho wa safari. Filgrastim, dawa ya kuongeza chembe nyeupe kwa wagonjwa wa saratani, huvunwa kama mabonge ndani ya E. coli, ikafunguliwa, kisha ikakunjwa upya nje ya seli kwa utaratibu uleule wa Anfinsen. Insulini ya kwanza ya binadamu kutoka maabarani, mwaka 1978, ilitengenezwa kwa kuzalisha nyuzi zake mbili kwenye E. coli kila mmoja peke yake, halafu zikaunganishwa kwenye mrija. Dawa yenyewe, Humulin, iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Insulini ina asidi amino 51 na vifungo vitatu vya salfa. Protini yako ikiwa na udogo huo, kuikunja upya kwa kushusha yurea taratibu kutoka molari 8 ni jambo la wiki chache za majaribio. Ikiwa na vifungo kumi, achana nayo.

Hamira: jiko dogo lenye chumba cha ukaguzi

Saccharomyces cerevisiae ni hamira ileile ya maandazi. Kinachoitofautisha na bakteria kwa kazi yetu ni retikulamu ya endoplazimu: chumba cha ndani chenye kemia inayofunga vifungo vya salfa, chaperoni zake, na ukaguzi kabla ya kutoka. Protini zikirundikana humo bila kukunjika, protini ya utando iitwayo IRE1 hushtuka, hukata na kuunga mRNA ya HAC1, na seli huongeza makungwi na nafasi. Peter Walter na Kazutoshi Mori waliotegua kitendawili cha mfumo huo walitunukiwa tuzo ya Lasker mwaka 2014. Kwa mzalishaji maana yake ni kwamba hamira itakuonya ukiilazimisha kupita kiasi: itapunguza kasi ya kukua, na protini iliyoshindikana itatolewa chumbani, itiwe yubikwitini, alama ya kutupwa, na ikasagwe kwenye proteasomu. Mavuno kidogo kutoka kwenye hamira mara nyingi ni hukumu ya ukaguzi, na inafaa uisome hivyo kabla ya kuongeza nguvu ya promota, yaani swichi ya jeni. Jaribu kwanza kuongeza kimeng'enya PDI kinachopanga vifungo vya salfa.

Ushahidi wa hamira uko kwenye mabega ya watoto wetu. Antijeni (sehemu inayotambuliwa na kinga ya mwili) ya uso ya kirusi cha homa ya ini B ilipowekwa kwenye hamira ilijikusanya yenyewe kuwa chembe za nanomita 22 zinazofanana na zile za damu ya wagonjwa, na mwaka 1986 ikawa chanjo ya kwanza ya binadamu iliyotengenezwa kwa kuhamisha jeni. Chanjo ya malaria RTS,S, iliyopendekezwa na WHO mwaka 2021, imejengwa juu ya chembe hiyohiyo ndani ya S. cerevisiae. R21, iliyofuata mwaka 2023 baada ya majaribio yaliyohusisha Kilifi na Bagamoyo, hutengenezwa kwenye hamira nyingine, Hansenula polymorpha.

Maabarani wengi wetu huishia kwa Pichia pastoris. Hii ni hamira nyingine: hukua hadi kuwa nzito kama uji, jeni uliyoiweka huwashwa kwa methanoli, na hutoa nje protini zake chache sana, kwa hiyo ukiielekeza yako nje ya seli usafishaji huwa mwepesi. Methanoli hushika moto na ni sumu; panga maabara yako kwa kuzingatia hilo.

Tatizo lake ni sukari. Hamira hubandika manosi nyingi mahali ambapo seli ya binadamu ingeweka mti mfupi wenye matawi na asidi ya sialiki mwishoni. S. cerevisiae ndiyo inayozidisha zaidi, Pichia hupunguza. Kwa kimeng'enya cha kutumia maabarani huenda isikusumbue. Kwa dawa ya kuchoma kwenye damu ni kikwazo kikubwa, kwa sababu mwili huzitambua manosi hizo na kuiondoa protini haraka. Insulini haina sukari yoyote, ndiyo maana kampuni ya Novo iliweza kuizalisha kwenye hamira tangu 1987 bila shida hiyo.

Seli za kiwavi: njia ambayo hatuitumii vya kutosha

Mkulima wa mahindi anaweza kushangaa kusikia kwamba yule kiwavijeshi vamizi aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kula mashamba yetu, Spodoptera frugiperda, ndiye aliyetoa seli za Sf9 zinazotumika maabara nyingi duniani. Zilitokana na tishu za ovari za mdudu huyo miaka ya 1970. Mwaka 1983 Max Summers na Gale Smith, huko Texas, walionyesha kwamba kirusi cha wadudu kinaweza kubeba jeni ya kigeni na kuizalisha kwa wingi ndani ya seli hizo.

Nazipenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kibaolojia: retikulamu yao na chaperoni zao zinaweza kukunja protini kubwa za binadamu zenye vipande vingi ambazo E. coli huzigeuza chokaa. Ya pili ni ya mazingira yetu. Hukua kwa 27°C, hazihitaji kabonidayoksaidi, na umeme ukikatika saa mbili hazifi. Mtu ambaye amewahi kupoteza seli za mamalia za mwezi mzima kwa sababu jenereta haikuwaka atanielewa.

Ila kirusi huua. Promota inayotumika zaidi, ya polihedrini, huwaka kwa nguvu mwishoni mwa maambukizi, na saa hizo ndizo seli inapoanza kuishiwa na uwezo wa kukunja na kusafirisha. Yaani mashine inapewa kazi nyingi zaidi wakati inazima. Kwa protini ya ndani ya seli si hoja sana. Kwa protini ya kutoka nje ya seli, chukua sampuli kila siku, na mara nyingi utakuta saa ya 48 hadi 72 ina protini bora kuliko ya baadaye, hata kama ya baadaye ni nyingi.

Mfano mzuri wa kulinganisha hamira na seli za wadudu ni chanjo za HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Zote mbili zinatumia protini L1, ambayo hujikusanya tano tano, na vifungu 72 vya namna hiyo hujipanga kuwa ganda tupu la kirusi. Gardasil hukunjwa kwenye S. cerevisiae. Cervarix hukunjwa kwenye seli za mdudu mwingine, Trichoplusia ni. Zote zinakinga. L1 haihitaji sukari za binadamu na inajua kujikusanya yenyewe, kwa hiyo seli zote mbili zilitosha. Ukipata protini ya tabia hiyo, chagua kwa kuangalia bei na ujuzi ulio nao.

Mamalia: pale ambapo hakuna njia ya mkato

Seli za CHO zilitoka kwenye ovari ya panya hamsta wa Kichina, katika maabara ya Theodore Puck huko Colorado mwaka 1957. HEK293 ni za figo ya kijusi cha binadamu, zilizotengenezwa Leiden mwaka 1973. Nazishauri kwa huzuni kidogo kwa sababu ya gharama, lakini kuna protini ambazo hazina makao mengine.

Chukua tPA, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda: asidi amino 527, vifungo vya salfa 17. Mwaka 1987 ikawa dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa kuhamisha jeni kwenye seli za mamalia kuidhinishwa Marekani. Chukua eritropoietini: asidi amino 165 tu, lakini minyororo yake minne ya sukari ni karibu asilimia 40 ya uzito wake. Asidi ya sialiki ikiondolewa, ini huiokota kutoka kwenye damu haraka mno kiasi cha dawa kukosa maana.

Au chukua kingamwili kamili: minyororo minne, kilodaltoni 150. Ukaguzi wake ndani ya retikulamu ni wa kupendeza. Mnyororo mzito una kipande kimoja ambacho hakikunjiki peke yake, na chaperoni BiP hukishika, ikiuzuia mnyororo wote kutoka. Mnyororo mwepesi ukifika na kuchukua nafasi yake, BiP huachia. Mzito asiyepata mwenzake hatoki nje ya seli. Hurudishwa na kusagwa. Protini zenye sukari zina mlinzi mwingine: calnexin hushikilia zile zenye glukosi moja, kimeng'enya kimoja huiondoa glukosi hiyo, na kingine, UGGT, huikagua protini. Kikiona bado haijakunjika, hurudisha glukosi, na protini inarudi kwa calnexin. Mgeni hukaguliwa hapa kwa ukali kwelikweli.

Ukali nao una gharama. Watu wengi wenye ugonjwa wa sistiki fibrosisi wana protini ya CFTR iliyopungukiwa asidi amino moja, ya nafasi ya 508. Ingeweza kufanya kazi kwa kiasi kama ingefika kwenye utando, lakini ukaguzi huikamata na kuituma proteasomu. Mwaka 1992 ilionekana kwamba seli zikipozwa hadi 27°C hivi, baadhi yake hupita na kufanya kazi. Wazalishaji wa CHO wanajua somo hilohilo: baada ya seli kuwa nyingi, wengi hushusha joto hadi 30 au 33°C. Kwa hiyo hata huku kwa matajiri, kabla ya kubadilisha kitu kingine, jaribu baridi.

Usichanganye HEK ya muda na CHO ya kudumu. Ukihitaji miligramu chache za kingamwili kwa utafiti, tia plazimidi kwenye HEK293 zinazoelea na vuna baada ya siku tano hadi saba. Seli za CHO za kudumu ni miezi ya kuchagua na kupima, na ni za mtu anayefikiria kiwanda. Na kabla ya lolote, hakikisha una kipimo cha mykoplazima (bakteria wadogo wanaochafua seli), inkubeta yenye kabonidayoksaidi ya uhakika na umeme wa akiba.

Malaria inavyovuruga kanuni

Nasimama hapa kidogo kwa sababu wanaonijia wengi wanafanya kazi na kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2002, ni karibu asilimia 80 herufi A na T za DNA. Ukichukua jeni yake kama ilivyo na kuiweka E. coli, ribosomu hukutana na kodoni (herufi tatu tatu zinazotaja kila asidi amino) ambazo bakteria huzitumia kwa nadra, na tafsiri hukwamakwama. Agiza jeni iliyoandikwa upya kwa kodoni za seli yako. Usitumie ile ya kimelea.

Mtego mwingine ni wa sukari, na unawanasa hata wazoefu. Kimelea hiki karibu hakibandiki sukari kwenye asparajini za protini zake. Lakini protini zake zina mahali ambapo hamira, kiwavi au mamalia wataona alama ya kubandika, nao watabandika. Ukapata antijeni yenye sukari ambazo kimelea halisi hana, zinazoweza kufunika mahali ambapo kingamwili ilipaswa kushika. Hivyo katika mradi wa malaria, seli iliyo bora zaidi kwa sukari inaweza kuwa ndiyo itakayokupotosha. Tafuta alama hizo kwenye mfuatano: asparajini, kisha asidi amino yoyote isipokuwa prolini, kisha serini au threonini. Zibadilishe kabla ya kuagiza jeni. RH5, antijeni inayotumiwa na kimelea kuingia chembe nyekundu, iliishia kwenye seli za wadudu, za nzi Drosophila, na chanjo yake ya majaribio RH5.1 ilijaribiwa Bagamoyo pia.

Ningechagua hivi

Kimeng'enya cha bakteria au kipande kimoja cha protini ya binadamu chini ya kilodaltoni 50, kisicho na vifungo vya salfa: E. coli kwa 18°C, na usipoteze muda kwingine. Kipande cha kingamwili chenye kifungo kimoja au viwili: E. coli, nafasi ya kati ya tando, au SHuffle. Protini inayotolewa nje ya seli, yenye vifungo vinne au vitano, ambayo sukari zake si hoja: Pichia. Kinase (kimeng'enya kinachobandika fosfati) kubwa, au protini tatu zinazotakiwa kukaa pamoja: Sf9. Kingamwili kamili, kipokezi cha homoni chenye sukari, chochote kitakachochomwa kwa mgonjwa na kukaa siku nyingi kwenye damu: mamalia.

Ukiwa katikati ya makundi mawili, usichague kwa kukisia. Agiza jeni moja kwenye plazimidi mbili, moja ya E. coli na moja ya seli ya pili unayoiweza, na ujaribu kwa mililita 10 tu. Kisha usipime wingi peke yake. Pitisha protini kwenye safu ya kutenganisha kwa ukubwa uone kama inatoka kama molekuli moja au kama bonge lililoyeyuka. Ipashe joto polepole pamoja na rangi inayong'aa ikishika sehemu zinazochukia maji: protini iliyokunjika hukaa kimya, halafu hufunguka ghafla kwenye joto fulani, wakati isiyokunjika hung'aa tangu mwanzo. Vipimo hivyo viwili vinachukua siku moja. Nimeviona vikibadilisha uamuzi wa seli mara nyingi kuliko mstari wowote mnene wa jeli.